Papa, Cambridge Yako Imefika Darasani

Papa mpendwa,

Kwenye simu unasikia "ndiyo Papa" na "hapana Papa" tu kutoka kwangu, kwa hiyo leo naandika. Kiingereza nilifundishwa shuleni, Kiswahili cha kuandika nilifundishwa Jumamosi kanisani Bertrams. Aibu sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nayo.

Tangu urudi Lubumbashi kumuuguza Bibi, cherehani yako imefunikwa kitambaa, na hapa Joubert Park watu bado wanauliza fundi yuko wapi. Mimi namkumbuka yule mzee aliyesoma Cambridge, aliyekuletea joho lake ulishone kwapani. Alikaa kwenye benchi akikusimulia ule mji wa Uingereza: mto mwembamba, mashua zinazosukumwa kwa mti mrefu, ng'ombe wanaolisha karibu kabisa na maduka, na majani ya vyuoni ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuyakanyaga.

"Kwa hiyo ng'ombe anamshinda mwanafunzi?" ulimwuliza.

"Ng'ombe hana mtihani, fundi."

Mlicheka mpaka sindano ikakupotea. Halafu akakueleza kwamba kila chuo cha pale kina joho lake. Ukitazama mkono tu, unajua mtu ni wa chuo gani. Baadaye ukauchora ule mkono kwenye karatasi ya kaki, ukaniambia, "Ona, mwanangu. Mji mzima wa wasomi, na anayewatambulisha ni fundi."

Sasa lile ambalo hatujawahi kulisema. Siku wasichana wa darasa langu walipopita mbele ya meza yako ya barabarani wakanikuta hapo, niliogopa wasije wakajua mimi ni binti yako. Nikashika sketi yangu, nikakuuliza kwa Kiingereza, kama mgeni, kama unaweza kuipunguza. Ulinitazama kidogo. Ukachukua futi, ukapima, ukasema, "Njoo Alhamisi, dada." Jioni ulinipakulia ugali wetu wa bukari kama kawaida, ukanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Nilikula nikitazama sahani.

Wiki hii mwalimu alitaka kila mtu aeleze mji mmoja wa zamani. Wenzangu walileta picha za kwenye skrini. Mimi nilileta karatasi yako ya kaki, nikaibandika ubaoni. Nikaeleza mto, ng'ombe na majani, kisha nikafika kwenye mkono: hapa umepasuliwa, hapa umekunjwa, na chuo cha jirani wanaukata vingine. Nilikuwa nasema polepole, darasa likainama mbele ili lisikie.

Msichana mmoja, wa wale wale, akauliza, "Eish, umeyatoa wapi haya? Ulishafika huko?"

Ningeweza kusema nimesoma mtandaoni.

"Sijafika. Nimefundishwa na fundi wa nguo, yule wa meza ya karibu na robot, kwenye taa za magari."

"Yule uliyempelekea sketi?"

"Yule. Ni Papa wangu."

Akautazama tena ule mkono ubaoni. "Sharp," akasema. "Papa wako anajua kazi."

Nilirudi kukaa nimenyoosha mgongo, vile unavyotaka mtu asimame unapompima.

Nisalimie Bibi. Karatasi yako iko salama, sijaikunja tena. Cherehani nimeifunua nikaitia mafuta, isije ikakusahau.

Na jana, Papa, siku niliyosema hayo darasani, ilikuwa Alhamisi. Uliniambia nije. Nimekuja.

Binti yako