Sharti la Baba Kabla ya Harusi

Kola,
S.L.P. 214,
Machakos.
8 Agosti 1999

Mpendwa kaka Mumo,

Pokea salamu za nyumbani. U mzima huko Ujerumani? Baridi imekuachia mifupa? Sisi tunapumua, ila mvua ilitukimbia na mahindi yakaishia kuwa ya ng'ombe.

Dada yetu Mutheu anaolewa mwisho wa mwezi ujao na Bonface wa Mlolongo. Badala ya vigelegele, nyumba imenuna. Baba ameapa hatakanyaga kanisani. Anataka viapo visomwe kwa Kiingereza cha kale, kile cha "Wilt thou", yaani "Je, utakubali", alichofungia ndoa na Mama mbele ya mzungu wa misheni. Mchungaji mpya alimjibu mbele ya wazee wa kanisa kwamba hayo ni maneno ya makaburini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mutheu naye amesema bila mkono wa Baba kichwani haendi kwa mtu. Wakwe wameanza kuuliza maswali.

Nilimkasirikia Baba, nikamwambia maneno ni maneno tu. Akasusa chakula. Hapo ndipo nilipokumbuka ile barua yako ya Pasaka, uliponitania kwamba Wajerumani wanaongea kama Baba: du willst, du hast, kama thou wilt na thou hast zake. Uliandika kwamba Waingereza wa kwanza walitoka pande hizo, wakaondoka na vitenzi vyenye mkia huo wa st, na waliobaki bado wanavitumia hata wakinunua mkate.

Nilimsomea barua hiyo. Unajua jina lako halitajwi hapa tangu uliposhindwa kuja kumzika Mama.

Akaniambia nisome tena. "Kumbe si ya makaburini," akasema. "Haya maneno yana mbaĩ, yana ukoo mzima ulio hai. Na mwanangu anaishi kwao."

Alikuita "mwanangu", Mumo! Nililia nikipakua muthokoi.

Sasa anasema mchungaji asome apendavyo, yeye atakwenda, lakini kwa sharti moja. Sharti hilo linanitia hofu, kwa sababu nyinyi wawili mna kichwa kigumu kimoja. Nakusihi, usimjibu kwa hasira.

Mume wangu Kimanzi anakusalimu, na shangazi Ndunge pia. Mungu akufungulie njia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Kavutha

Baba hakutuma salamu. Ameomba kalamu aandike sharti lake mwenyewe hapa chini.

Mumo, wilt thou come?