Mchumba Wangu Ameikataa Zawadi Niliyomtengenezea

Shangazi mpendwa, pokea salamu zangu, na ukishazipokea naomba unisaidie kabla sijakosa mke hivi hivi najiona.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika kiwanda kidogo kinachounda mashine za kutotolesha vifaranga, na mchumba wangu anakaa meza ya pili, ndiye anayeandika kwenye tovuti yetu maelezo ya kutumia mashine, joto liwe kiasi gani, mayai yageuzwe vipi, na zamani alikuwa na programu yake nyepesi, anaandika kama anavyoandika ujumbe wa simu, anabonyeza kitufe, ukurasa unatoka, basi, lakini Shangazi ile programu haikuwa na uwezo, maelezo ya mashine hii yamechanganyika na ya ile, kutafuta neno haiwezekani, mteja anasoma mpaka anasinzia, kwa hiyo tulipochumbiana, wakati wenzangu hununua saa na manukato, mimi nikamtengenezea programu mpya kwa mikono yangu, inatenga kurasa za kila mashine, inatafuta neno, ukibadilisha kitu mahali pamoja kinabadilika kote, na nikaipa hata jina lake la utani.

Sasa, ili ubadilishe hata nukta lazima ufungue lile dirisha jeusi la kompyuta uandike amri kwa mpangilio, jambo ambalo mimi sikuliona kuwa jambo, na wiki iliyopita niko kwa kinyozi, simu nimezima, yeye akagundua joto la mashine moja limekosewa, mayai ya watu yangeiva badala ya kuanguliwa, akajaribu zile amri, tovuti nzima ikawa nyeupe, ikabidi awapigie wateja simu mmoja mmoja hadi sauti ikamkauka, nami niliporudi nikarekebisha kufumba na kufumbua, nikacheka, nikasema, "Mbona rahisi tu?"

Hakununa, Shangazi, na hilo ndilo linalonitisha. Alitabasamu akasema, "Rahisi kwako, mpenzi. Siku nitakayorekebisha namba moja bila kukutafuta kwa kinyozi, siku hiyo ndiyo tutapanga tarehe ya harusi." Nikaenda kumshtaki kwa mama, mama akasema mkwe wake ana haki, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nampenda, na programu yangu naipenda pia. Nirudi kwenye ile ya zamani isiyo na nguvu, au nimsubiri azoee?

Ni mimi, Niliyenyolewa Bila Maji.

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe uliyenyolewa bila maji, nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Sasa nisikilize.

Kwanza hongera. Umepata mwanamke anayekausha sauti yake ili mayai ya watu yasiharibike, na bado akabakiwa na tabasamu la kukupa wewe. Huyo usimwachie.

Lakini mwanangu, ukipenda chongo huita kengeza. Zawadi gani hiyo ambayo mwenyewe hawezi kuifungua mpaka amwite aliyeitoa? Umemjengea ghorofa, ukasahau ngazi, halafu unamcheka kwa nini yuko chini. Kumsubiri azoee ndiyo nini? Azoee kukufuata kwa kinyozi?

Hata hivyo, usirudi kwenye ile ya zamani. Wateja wako walikuwa wanachanganyikiwa kweli, na nguvu uliyoiweka inahitajika. Ila nguvu ikae jikoni, mezani kije chakula. Hizo amri ziandike wewe mara moja, zifiche nyuma ya kitufe kimoja, na mbele yake abaki na ukurasa wa kuandika kama alivyozoea. Ongeza kitufe cha kurudisha kila kitu kilivyokuwa, maana kila mtu hukosea, na wewe ulikosea kuzima simu.

Ukimaliza, anza na mama yako. Mkalishe mbele ya kompyuta, mwombe abadilishe namba moja, nawe simama nyuma yake, mikono mgongoni, mdomo umeufunga. Akikwama usimweleze kitu, nenda ukarekebishe hapo alipokwama. Mama akivuka, mkwe wake atavuka.

Halafu nenda tena kwa kinyozi, hata kama nywele hazijaota. Zima simu. Ukirudi ukakuta namba imerekebishwa na mchumba wako anakunywa chai yake, lile neno "rahisi" lisikutoke. Mwache aliseme yeye. Wewe uliza tarehe.