Alama ya Jogoo Kisimani

Usagara, Tanga. Jumatano, 1954. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, na tangu adhuhuri simwamini mtu.

Bi Tatu, mjane wa kijijini Moa, ameweka kwetu kidani cha dhahabu cha arusi ya bintiye. Marehemu mumewe hakumwachia kitu kingine. Mtaa mzima unajua kwamba amana hiyo imo katika kasha letu. Kwa hiyo mke wangu, Mama Saida, hampi mjumbe kitu chochote bila ya alama, yaani jambo la nyumbani tunalolijua sisi wawili tu.

Asubuhi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, mvua ikazidi. Nikamwita Kombo mchukuzi, nikamwambia kwa sauti ya darasani: "Nenda kwa Mama Saida akupe mwavuli wangu, kwa alama ya jogoo aliyetumbukia kisimani siku ya arusi yetu."

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. "Na jogoo mwenyewe, Mwalimu, mlimla?" akauliza mmoja. Nilimkazia macho tu.

Kombo ni mwaminifu lakini msahaulifu. Ili maneno yasimpotee, aliyarudia njia nzima kama anayenadi samaki. Mwavuli ulifika, nami nikaridhika.

Adhuhuri niliingia nyumbani kwa mlango wa uani ili nitawadhe. Nikasikia mtu mlango wa mbele: "Mwalimu amenituma nichukue kidani cha Bi Tatu, kipelekwe kwa sonara. Kwa alama ya jogoo aliyetumbukia kisimani siku ya arusi yenu."

Neno kwa neno.

Kasha lilikuwa limeshafunguliwa. Kidani kilikuwa mkononi mwa mke wangu.

"Mwalimu yupi?" niliuliza kutoka uani.

Mtu yule alitimua mbio, akaacha ndara moja matopeni. Sikuwahi kuuona uso wake; Mama Saida, aliyekuwa nyuma ya mlango, hakuuona wala hakuitambua sauti.

Mama Saida hakupaza sauti. "Mimi nalifunga kasha, Baba Saida. Wewe unaugawa ufunguo kwa kinyozi."

Nikaanza kuwahesabu walioisikia alama. Ni kinyozi? Ni yule aliyeulizia nyama ya jogoo? Au ni mmoja wa wenye maduka ambao Kombo alipita mbele yao akitangaza siri yangu? Jioni wote wamenipa shikamoo nzuri mno. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yao.

Tumekubaliana kwamba kidani hakitatoka tena kwa mjumbe: atakichukua Bi Tatu mwenyewe. Alama ya jogoo tumeiacha. Mpya nimeitamka mara moja tu, sikioni mwa mke wangu.

Baada ya magharibi nilitoka msikitini, nikabisha mlango wangu. Mama Saida aliijua sauti yangu, lakini hakufungua.

"Alama?"

Nikafungua kinywa. Jirani yetu alikuwa ameketi barazani kwake, miguu peku.

Nikakifunga. Nikakaa pale nje kwenye manyunyu, nikamngoja yeye aingie ndani kwanza.