Ulitoka Saa Nne Kamili

Baba yangu wa Rukanga,

Maji ya mlimani bado yanafunguliwa asubuhi, ila si kwa saa yako. Jirani aliyeachiwa ile kazi hufungua anapoamka. Wanawake walifurahi wiki ya kwanza, ya pili wakaanza kukusifu. Enzi zako walipanga mitungi mapema wakikuomba uwafungulie dakika tano kabla, nawe ukatazama saa ya mkono na kusema, "Bado." Ndovu wakifukua bomba huko bondeni, uliondoka na spana zako kabla ya chai, na uliporudi adhuhuri uliinywa ile ile, baridi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chai ya asubuhi.

Nakuandikia kuhusu jambo moja. Ulikufa ukiamini kwamba hasira yako ndiyo iliyomnyima Saru maneno, na mimi niliyejua kusoma na kuandika, mimi nesi, nilikuacha uamini. Nimeiacha barua hii wazi kwa sababu wako wazazi wengi kwetu wanaotafuta wa kulaumiwa kama tulivyotafuta sisi. Tena shangazi Mkawasi atasomewa, na nataka asikie.

Nianze na siku ya mahari yangu. Mlikubaliana na watu wa Bomeni, kule Taveta, kwamba watafika Jumamosi saa nne, watu sita. Tangu Ijumaa ulikuwa umepanga viti sita kando ya ukuta na kupima nafasi kati yao kwa kiganja. Wao wakapata gari la ndugu yao anayesafirisha ndizi, wakatuingilia saa moja na nusu, watu kumi na wawili, vigelegele juu. Ulikuwa unanyoa ndevu, povu bado limekaa shavu moja. Ukawatazama, ukatazama saa, ukaingia stoo ya mabomba na kujifungia.

Baba mdogo akawapokea, akawatafutia viti, akawaambia unakuja sasa hivi. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Mama mkwe alikataa chai. Nilibisha mlango wa stoo mara tatu, na kila mara ulinijibu neno moja, "Bado." Ulipotoka, umenyoa, umevaa koti lako la kanisani, ukawasalimu mmoja mmoja kama watu waliofika muda ule ule. Mama mkwe alikuwa ameshapanda gari na hakushuka. Mahari ilipokelewa na ndoa ikafungwa, lakini kuanzia Kasigau hadi Taveta ikajulikana kuwa mzee wa maji alimkasirikia binti yake kwa kuolewa mbali. Nami niliamini. Nilikukasirikia miaka mingi, Baba. Kila Krismasi nilikuletea sukari na majani chai nikiwa nimekukasirikia.

Kisha akaja Saru. Tulimpa jina la marehemu mama kwa kuwa mama mkwe alikuwa tayari na somo wake, mjukuu mwenye jina lake, kwa mwanawe mkubwa. Alipotimiza miaka miwili hakuwa na neno hata moja. Alipanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na ukikihamisha kimoja alilia mpaka akatapika. Tukienda sokoni Voi kwa njia nyingine tofauti na ya jana, alijitupa kwenye vumbi. Mama mkwe hakukosa maelezo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema, na huyu amelelewa na simu na msichana wa kazi. Tena nilizaa nimeshapita miaka thelathini na tano. Halafu akamalizia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemdunga sindano.

Hilo la mwisho liliniuma kwa sababu nilimdunga kweli. Kazi yangu ni chanjo. Saru alipofika miezi tisa nilimpakata kwa mkono mmoja na kumchoma ya surua kwa mwingine, huku wenzangu wakinicheka kwamba nalia kuliko mtoto. Nilijua suala hilo limechunguzwa katika nchi nyingi, kwa watoto wengi sana, na chanjo haikupatikana na hatia. Nilijua pia kwa nini uvumi haufi: sindano hizi hutolewa katika umri ule ule ambao mzazi huanza kuona kwamba mwanawe hageuki akiitwa. Mambo mawili yanafuatana, na moyo wenye uchungu unaona moja limezaa jingine. Haya yote niliwaeleza akina mama kila wiki kwa sauti ya kazini. Nyumbani niliitafuta kadi ya kliniki ya Saru na kuisoma upya kama mtu asiyejua maana yake.

Ndipo shangazi Mkawasi akaja Rukanga kutoka Mwatate, nasi tukiwa kwako. Yeye hakuwa na habari za simu wala sindano. Alisema kwetu Wadawida mtoto hafungwi ulimi bure, kuna mtu wa karibu ana moyo wa moto, hata kama mwenyewe hajui. Akakukumbusha siku ya mahari mbele yetu sote, akakuuliza kama ulikasirika. "Sijui kama ni hasira," ulisema. "Kifua kilijaa." Shangazi akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo hiyo.

Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, na kutasa, ile desturi ya kupuliza maji ili hasira itoke moyoni, ulikuwa umeachia watu wa zamani. Lakini kesho yake kulipopambazuka ulichota maji ya bomba kwenye kikombe cha bati, ukasimama uani ukitazama mlima, ukakohoa mara mbili, ukajaza kinywa na kuyapuliza chini. Ukasema, "Kama moyoni mwangu mna hasira, itoke, mtoto apoe." Kisha ukanigeukia, maana ilikuwa lazima uhakikishe hakuna moto upande wangu pia. "Nawe, Mama Saru, umepoa?"

"Nimepoa, Baba," nilikujibu, na sikuwa nimepoa.

Nitasema kwa nini, hata kama najiaibisha. Nilihisi nimetuliwa mzigo. Mama mkwe aliposikia kwamba kwetu imeonekana ni hasira ya babu, aliniacha. Hakutaja tena simu, wala umri, wala sindano. Mtu mwingine alikuwa amepatikana, na mtu huyo alikuwa amejitolea mwenyewe. Ningeweza kukwambia siku ile ile, "Baba, haya mambo hayaletwi na hasira." Niliyajua maneno hayo, na niliyatumia kila siku kwa watoto wa wenzangu.

Basi kila tulipokuja Rukanga ulimpokea Saru langoni na kuniuliza kama amesema. Nikijibu hapana, kesho yake asubuhi kikombe kilikuwa uani. Kikohozi mara mbili, maji, maneno yale yale, swali lile lile, na mimi jibu langu lile lile la uongo. Saru alisimama kando akitazama maji yanavyopasuka hewani. Sikudhani anachukua zaidi ya hapo.

Na bado hakuna aliyekaa naye vizuri kama wewe. Babu wengine huwaita wajukuu "mke wangu" na kuwatania. Wewe shangazi alipokuhimiza ulimjibu kwamba huyu si mke wako, ni mjukuu wako, na mke wako amekufa. Hukumwita mara kumi kumi kama sisi. Hukumshika kidevu ili akutazame. Mlikaa kwenye mkeka mnachagua pojo, mbovu huku, nzima kule, saa mbili nzima bila neno, na alipozipanga mstari hukuuliza ni za nini. Mwendo wenu wa kwenda tangini ulikuwa njia ile ile, saa ile ile, na hakulia hata siku moja. Sisi tulisema mzee anajaribu kurekebisha alichoharibu.

Siku zako za mwisho hospitalini ulinivuta mkono, ukasema, "Bado haijatoka." Nilijifanya sikuelewa. Nikakurekebishia shuka.

Miezi mitano baada ya kukuzika Saru alipimwa vizuri kwa mara ya kwanza, hapa Voi, na daktari aliyekuja kwa siku mbili. Alisema ni usonji. Akaanza kuuliza maswali ya ukoo: kuna mtu anayeumia ratiba ikibadilika, anayependa mambo kwa mpangilio mmoja, anayechukua maneno kama yalivyo? Nikacheka, nikamweleza habari za chai baridi. Nikamweleza "huyu si mke wangu." Nilipofika kwenye siku ya mahari, mume wangu, Baba Saru, ambaye huwa hasemi mbele ya madaktari, akaingilia. Alisema siku ile alikuwa ameegemea gari, redio imewashwa, na mlango wa stoo ulifunguka taarifa ya habari ya saa nne ikianza. Alikumbuka kwa sababu mama yake aliagiza redio izimwe.

Baba, watu walialikwa saa nne. Ulitoka saa nne kamili. Zaidi ya watu ishirini walikuwa uani, na hakuna aliyetazama saa. Kifua chako kilikuwa kimejaa kama kifua cha Saru njia ya sokoni ikibadilishwa, nasi tukakiita hasira, ukakubali kwa kuwa tulikuwa wengi na hukuwa na jina lingine la kukipa. Nililia kwenye kiti cha daktari hadi Saru akaziba masikio.

Daktari alikuwa mwangalifu. Alisema hawezi kumpima marehemu kwa hadithi, na hata kama yote niliyosema ni kweli tupu, upande wa Bomeni nao umechangia damu ya Saru. Usonji unafuata ukoo kwa kiasi kikubwa, lakini si kwa njia moja iliyonyooka kama bomba. Umri wa wazazi huongeza kidogo, kuzaliwa kabla ya wakati pia, na kuna mengine yanayoendelea kuchunguzwa na mengine hayajulikani. Basi mama mkwe alipata moja kati ya matatu, na hilo moja nalo halina kosa la mtu ndani yake.

Akina mama kwenye benchi langu huniuliza kwa nini siku hizi watoto hawa wamekuwa wengi, zamani hawakuwepo. Mmoja aliniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huwa namwomba kila mmoja anikumbukie mtu wa kijijini kwao aliyeitwa bubu na hakuwa bubu, au aliyefungiwa nyumba ya nyuma wageni wakija, au fundi hodari asiyeweza kukaa harusini. Hakuna hata mmoja aliyekosa mtu wa kunitajia. Sehemu kubwa ya ongezeko hili ni kwamba sasa tunatazama, na kipimo chenyewe kimepanuliwa kikawafikia wanaosema na waliosoma, na wasichana ambao hawakuwa wakidhaniwa. Kama kuna kingine kinachoongeza, siwezi kuapa kwamba hakuna. Nawajibu hivyo hivyo, na wengine huondoka hawajaridhika. Ninaowapa ni watu wao wa zamani, na wewe ni wa kwanza ninayemtaja.

Sasa ana miaka tisa. Anasema, Baba. Si mazungumzo, mara nyingi ni maneno aliyoyasikia mahali akayaweka, na anayatoa anapotaka yeye. Tangu muhula uanze ana lake jipya kila asubuhi kwenye beseni la kunawia. Anakohoa mara mbili, kikohozi chako chenyewe. Anajaza maji kinywani na kuyapuliza, nusu ukutani, nusu kwenye yunifomu yangu ya kazi. Anasema, "Kama moyoni mwangu mna hasira, itoke, mtoto apoe." Ananigeukia, ananitazama begani, maana machoni hatazami. "Nawe, Mama Saru, umepoa?"

Hatoki bafuni bila jibu. Nikisema "ndiyo" haikubali. Nikisema "nimepoa" peke yake anaanza upya na kikohozi. Lazima iwe kama ilivyokuwa, na mwisho wake lazima niseme Baba. Wiki za kwanza nilijibu haraka ili gari la shule lisituache, kama nilivyokuwa nakujibu wewe.

Jumatatu hii gari lilikuwa limeshapiga honi. Aliuliza, nikaufuta uso wangu maji, na kabla sijajibu nikajikagua. Nilitafuta ile hasira ya mlango wa stoo mahali nilipoizoea, sikuikuta. Nilichokuta ni wewe, povu shavuni, unangoja saa ifike ili uwapokee wageni wangu kama ulivyoahidi.

"Nimepoa, Baba," nikasema.

Akafunga bomba, akaenda shule.

Ni mimi binti yako,
Mama Saru