Fundo Chini ya Kidevu

Mama,

Shavu limetengenezwa. Najua ungeuliza hilo kabla hata ya salamu. Lakini nusura tulipoteze, na hilo nataka ulisikie kutoka kwangu.

Tangu utuache naishi mtaa wa Tena, kwa Mama mdogo Rispa. Duka lako la Umoja siku hizi linauza chipsi, ila mlango wameuacha na rangi yako ya kijani. Nimemaliza Kidato cha Nne. Ulisema nikimaliza tu, kovu langu la moto litaondolewa, na Mama mdogo alilishika neno hilo kama wosia. Mimi nakumbuka kidole gumba chako. Kila asubuhi kabla sijavaa sare ulinipaka mafuta kovuni, ukilivuta kuelekea sikioni na kulibembeleza, "Laini kidogo, laini kidogo," ili lisiburute mdomo wangu.

Daktari alinieleza polepole, maana aliona siulizi kitu. Ngozi ya shingo inafanana na ya uso kuliko ya paja. Kwa hiyo angechukua kipande chini ya kidevu na kukipandisha shavuni, bila kukitenga kabisa. Kingebaki kwenye shina lake, mshipa wa kuleta damu na mwingine wa kuirudisha. "Shina likibanwa," alisema, "ngozi inakufa."

Nilipoamka shavu lilikuwa nene, kama la mtu mwingine. Sista wa wodi alikuwa akija kulibonyeza. Linapauka, kisha rangi inarudi. Kila iliporudi aliniambia, "Liko hai, mrembo," nami nikaangalia ukuta.

Halafu akina mama wa kanisa wakaja kuniona. Unawajua, hawaombi na binti aliye kichwa wazi. Mama mdogo akatoa kitambaa mkobani, akanifunika, akakifunga chini ya kidevu kama ulivyonifunga wewe kila Jumapili. Mikono yake ilifanya ilichozoea. Fundo likakaa juu ya shina.

Mama Trufena ndiye aliyeomba, na yeye lazima aanzie kwa Adamu. Kabla hajafika kwa Nuhu nilihisi shavu linajaa, linakuwa zito. Nilijua ni nini. Lakini mikono yangu ilishikwa huku na huku, na wewe ulinifunza nisimkatize mkubwa, sembuse mkubwa anayezungumza na Mungu.

"Mama mdogo, fungua," nikasema, kwa sauti yangu hii ndogo unayoijua.

"Tulia, mtoto," Mama Trufena akanikemea, macho kafumba. "Huyo ni adui anatikisika."

Sijui nilichokisema kilitoka wapi, Mama. Wodi nzima ilisikia. "Fungua. Inakufa."

Sista alikuja mbio, akalikata fundo kwa mkasi. Shavu lilikuwa rangi ya biringanya. Akaweka kidole, akangoja. Akaweka tena. Hakuna aliyeomba kwa sauti sasa, na Mama mdogo alikuwa ameshika vipande vya kitambaa. Rangi ikarudi taratibu, ikianzia upande wa shingo.

Mama Trufena akasema, "Kumbe huyu ana sauti. Na sisi tulidhani Nekesa hakupewa." Mama mdogo akacheka huku analia.

Nyuzi zimeshatolewa. Mdomo wangu hauvutwi chini tena. Nilipojiona kwenye kioo niligeuka nikuonyeshe, Mama. Niligeuka kabisa. Hapo ndipo nililia, wala si hospitalini.

Sasa wanataka nitoe ushuhuda kanisani Jumapili, mbele ya watu wote. Siku zote ulikuwa unanisemea. Kwa wageni, kwa walimu, hata kwa kondakta. Ulichoka, najua. Pumzika sasa, Mama yangu. Jumapili nitasimama mwenyewe, na maneno yakikawia, nitabaki nimesimama mpaka yaje.

Binti yako,
Nekesa