Kijiko cha Shangazi Eufrasia

Wema, Bibi nusura atufie mbele ya nesi!

Nesi kaja nyumbani kutufundisha kumlisha kwa mpira wa puani. Kasema mdomoni kisipite kitu, tangu apooze hamezi vizuri. Wote tukaitikia, na shangazi Eufrasia pia.

Nesi kageuka kunawa mikono tu, shangazi kampa Bibi kijiko cha mchuzi wa samaki, wale migebuka. MDOMONI Wema! Mdomoni!

Bibi kapaliwa, macho yamemtoka. Nesi kamkalisha, kamwinamisha, ndo akakohoa.

"Nani kampa?"

Shangazi analia: "Mama yangu atashibaje chakula asichokionja?"

Sasa Bibi, pumzi hata haijatulia, kainua ule mkono mzima. Anaonyesha bakuli la mchuzi. Anataka tena.