Mifupa Aliyoifuata Arupe

Nakwakal,
Kando ya Ziwa Turkana.
9 Agosti 2016.

Mpendwa shemeji Losike,

Pokea salamu kutoka kwenye upepo na vumbi unavyovijua. Joto la huko Doha linakutendeaje, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mbuzi wamekonda, lakini maziwa ya chai hayajakosekana.

Nina jambo kuhusu mkeo, dada yangu Arupe, na nimeona heri ulisikie kwangu.

Bado nafanya kazi na wachimbaji wa mifupa ya kale. Mwezi uliopita, ukingoni mwa laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha tu, tulipata taya, kipande cha fuvu na mfupa wa paja. Ni vya mtoto. Daktari Mumbua, anayetuongoza, alisema meno ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kung'oka.

Habari zilifika bomani kabla yangu, na zilisema tu kwamba tumepata mtoto lagani. Shemeji, ni laga ileile iliyomchukua mwanenu Ekidor siku ya mafuriko, tukamtafuta hadi ziwani tusimwone.

Arupe alikuja peke yake, kwa miguu, juani. Akasimama mlangoni mwa hema, akasema, "Emuria, nipe mwanangu."

Daktari ndiye aliyemshika mkono akamketisha, akamwekea mifupa ile mbele yake. Mimi nilitafsiri.

"Mama, gusa taya hili, kisha gusa lako. Huyu hana kidevu. Na hapa juu ya macho mfupa umeanza kutokeza, paji limelala nyuma. Huyu aliishi kabla hawajakuwepo watu kama sisi. Ni zaidi ya miaka milioni moja."

Arupe alipapasa taya muda mrefu. "Ekidor alikuwa na kidevu cha baba yake," alisema. "Kile cha mbuzi." Kisha akauliza, "Huyu alitembea?"

"Wima, kama wewe na mimi. Paja lake linaonyesha."

"Basi kuna aliyemtafuta."

Daktari alimwambia kwa upole kwamba hilo mifupa haisemi.

"Nasema mimi. Andika yako yote, lakini hilo ulijue."

Daktari hakubishana naye. Aliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo, shemeji, nikiinama kuchekecha mchanga nawaza. Watu wale walikuwa na vichwa vidogo kuliko vyetu, na sijui kama walikuwa na majina. Lakini miguu yao ilikuwa hii hii yetu, na walishuka lagani kutafuta maji kama sisi, wakiwa na watoto. Zamani nilihesabu mifupa tu.

Arupe aliporudi bomani alivua shanga zake zote za shingoni, akamwomba mama amnyoe. Unajua jinsi tulivyomsihi aomboleze, naye akatuona maadui, kwa sababu kuvua shanga ni kukubali kwamba mtoto hayupo. Safari hii hakuna aliyemwambia. Alilia mpaka sauti ikakauka, na asubuhi akaomba uji.

Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie aje. Alikuwa mtoto wetu sisi wawili, sitamlilia peke yangu."

Mama anakusalimu, na mjomba Lokol pia. Akuj, Mungu wetu, akulinde na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Emuria.